Samaki wa Dimbwi la Kikambala Hawakuteremka na Mvua

Maswali ya wasomaji yanajibiwa na mwalimu mstaafu wa baiolojia, mkazi wa mtaa wa Tudor, Mombasa. Safari hii barua karibu zote zimeangukia jambo moja, kwa hiyo nimeziweka pamoja.

SWALI: Samaki bila mto

*Mwalimu, shikamoo. Kaka yangu ana shamba Kikambala, ule upande wa juu wa barabara, mbali na bahari. Ndani yake pana kibonde ambacho mwezi wa pili huwa vumbi na nyufa tupu, ng'ombe wapita juu yake. Masika yakishika, kinajaa maji ya kahawia. Mwezi wa sita watoto wangu walikwenda na mkebe wa Kasuku wakarudi na samaki wadogo wa buluu na wekundu, wapendeza kama leso mpya. Mto hapana, ziwa hapana, wala hakuna mtu aliyewatia. Mama yangu ashikilia kuwa waliteremka na mvua. Mume wangu asema ni ndege wa maji waliobeba mayai miguuni. Tuamue nani mkweli, maana nyumbani hapakaliki.*
*Mama Zuhura, Kongowea*

Marahaba, mwanangu. Mpe mama salamu zangu. Hayo asemayo nimeyasikia tangu nikiwa mtoto, na waliokuwa wakiyasema ni wazee wenye akili zao timamu. Jana uwanja mkavu, leo samaki, na baina ya hayo mawili hakikupita kitu ila mvua. Mtu asiyekuwa na habari nyingine atayatazama mawingu, na simlaumu. Lakini samaki hao hawakuteremka. Mwezi wa pili walikuwapo papo hapo, chini ya kwato za ng'ombe wa kaka yako, wakiwa mayai.

Ni samaki wa jamii ambayo wataalamu huiita Nothobranchius. Ni wa Afrika hii hii, na wengi wao wako mashariki, kuanzia Sudan hadi Afrika Kusini. Hawaishi mtoni wala ziwani. Makao yao ni madimbwi ya msimu, yanayokuja na mvua na kuondoka na jua. Wakubwa wao huku kwetu hufika kama sentimita 5. Dume ndiye mwenye rangi. Jike ni wa kahawia hafifu na humwoni mpaka umtafute. Ikiwa mkebe wa watoto ulijaa wa rangi watupu, basi waliwachagua, wakawaacha mama zao majini.

Na Kikambala yenyewe ina jina katika habari hii. Mwaka 1979 wataalamu wawili, Wildekamp na Berkenkamp, waliandika habari za aina iliyopatikana hapo hapo Kikambala, wakaiita Nothobranchius interruptus. Mwaka huo huo waliandika pia habari za Nothobranchius jubbi, wa upande wa Malindi. Vuka feri ya Likoni ushuke Kwale hadi kuingia Tanga, utamkuta Nothobranchius palmqvisti, ambaye vitabuni yumo tangu 1907. Unguja nao wana wao, Nothobranchius guentheri, aliyeandikwa 1893.

Sasa turudi kwa mama. Mvua ya Kikambala na mvua ya Malindi huletwa na kusi moja. Lau samaki wangekuwa wanatoka mawinguni, wingu lingejuaje kuwa limefika Malindi, libadilishe samaki? Kila kipande cha pwani kina samaki wake kwa sababu kila kipande kina udongo wake ambamo mayai yamelala, kizazi baada ya kizazi.

Hoja hiyo hiyo inamgusa mume wako, ingawa yeye yuko karibu zaidi. Ndege wa maji hushuka kweli kwenye madimbwi hayo, na kazi yao kubwa ni kula samaki. Yai moja moja kuchukuliwa katika tope la mguuni si muhali. Lakini waliochunguza nasaba za jamii hii kule Msumbiji walikuta kwamba samaki wa ng'ambo moja ya mto mkubwa wamefarakana kiukoo na wa ng'ambo ya pili. Korongo haogopi mto. Angekuwa yeye ndiye mchukuzi wa kawaida, ng'ambo zote mbili zingekuwa damu moja. Mchukuzi anayeeleweka zaidi ni mafuriko, pale mvua inapozidi, bonde zima likawa maji na madimbwi yakashikana.

Nikueleze na hilo yai, maana ndipo penye utamu wenyewe.

Dume na jike hushuka hadi kwenye tope. Dume humfunika jike kwa pezi lake la mgongoni, wakatetema pamoja, na yai moja likazama udongoni. Moja tu. Husogea kidogo, wakarudia, na hiyo ndiyo kazi yao ya kila siku tangu wapevuke hadi maji yaishe. Yai ni la kadiri ya milimita 1, na ganda lake ni gumu kuliko la samaki wa mtoni. Ndani yake mtoto hakui moja kwa moja kama kifaranga. Ana vituo vitatu vya kusimama. Cha kwanza ni mapema kabisa, chembe za mwili zikiwa bado zimetawanyika: tope limelowa, hewa haipenyi, yai linatulia. Dimbwi likikauka, udongo ukapasuka zile nyufa ulizoziona, hewa huingia na mtoto akaendelea kujengeka hadi kituo cha pili. Hapo moyo umeshaumbika lakini ukuaji umesita. Kituo cha tatu, samaki ametimia, amejikunja ndani ya ganda. Ukimweka chini ya kioo cha kukuzia utayaona macho yake mawili yanakutazama. Hapo hangoji tena ila maji. Yakimfikia, hutoka ndani ya saa chache.

Utauliza, je, mvua ikidanganya? Sisi wa Pwani twaijua mvua hiyo. Mwezi wa tatu inapiga siku mbili, watu wanakimbilia shamba kupanda mahindi, kisha jua linarudi na mbegu zote zinaungua. Samaki hawa hawapandi mbegu zote siku moja. Mayai ya jike mmoja, ya dimbwi moja, hayaendi kwa mwendo mmoja. Mengine hupita vituo bila kusimama, mengine husimama kirefu. Yatakayoanguliwa na mvua ya uongo yatakufa, na yaliyobaki yatangoja masika yenyewe, au vuli, au hata mwaka mwingine. Nimesomesha baiolojia sehemu kubwa ya umri wangu, na sijui mpango wa kuzaa unaonipendeza kuliko huu.

Baada ya kutoka, ni mbio. Binamu yao wa Zimbabwe na Msumbiji, Nothobranchius furzeri, ambaye alipatikana 1968 huko Gonarezhou, ameonekana porini akiwa tayari kuzaa akiwa na umri wa wiki 2. Uzee wake ni wa kasi hiyo hiyo: hata akifugwa akalishwa vizuri, miezi michache tu rangi inapauka, mgongo unapinda, anakufa. Ndiyo sababu wachunguzi wa uzee wamemgeukia. Panya wa maabara atawakalisha miaka wakimsubiri azeeke, huyu anazeeka kabla mwaka haujaisha. Pale Cologne, Ujerumani, wako watu wanaolipwa mshahara kumtazama, na 2015 vinasaba vyake vyote vilichapishwa. Samaki wa dimbwi la ng'ombe!

Jambo la mwisho ni udongo. Si kila shimo lenye maji ya mvua litakuwa na samaki hawa. Wanataka udongo mweusi wa kunata, ule unaoshika gari na kubandika viatu, kwa sababu unazuia maji yasizame na ukikauka bado hubakisha unyevu kidogo kulizunguka yai. Karibu na ufuo wa Kikambala ni mchanga na mwamba wa matumbawe, maji yanapotea siku hiyo hiyo. Kwa hiyo kaka yako, ambaye pengine alisikitika kupewa shamba la juu, ndiye mwenye samaki. Mwambie asiwaruhusu wenye malori kuja kumwaga kifusi kwenye kibonde hicho kwa ahadi ya kukisawazisha. Tangu ile barabara ya Mtwapa na Kilifi ianze kupanuliwa, kila mtu ana kifusi cha kugawa.

SWALI: Mafuta au mbu?

*Salaam aleikum, Mwalimu. Hao samaki wadogo wa madimbwini wanaliwa? Na ni kweli wanamaliza mbu?*
*Baba Saumu, Changamwe*

Waaleikum salaam. Kwa kuliwa, utaharibu mafuta yako. Dagaa ana nyama kuwashinda.

Kwa mbu, ni kweli wanakula viluwiluwi vyao pamoja na vidudu vingine vya majini. Maandishi ya kitabibu ya Afrika Mashariki yaliwataja kama wasaidizi dhidi ya malaria tangu 1941. Lakini usivue neti kitandani kwa ajili yao. Mbu wa malaria hutaga hata kwenye alama ya kwato iliyojaa maji, mahali ambapo samaki hafiki. Na mbu anayetusumbua hapa mjini, aliyetuletea homa ya dengi mwaka 2013 na chikungunya miaka minne baadaye, hana haja na dimbwi la Kikambala. Yeye hutaga ndani ya pipa lako mlangoni. Funika pipa, Baba Saumu.

SWALI: Wanne walikufa usiku mmoja

*Mwalimu, mimi ni dereva wa tuktuk. Niliwanunua samaki watano wa rangi kutoka kwa vijana kando ya barabara, nikawatia kwenye chupa kubwa ya soda na maji ya mfereji. Asubuhi wanne wamekufa. Huyu mmoja nimwokoeje? Na naweza kuwafuga?*
*Kijana wa Bamburi*

Mtoe kwenye chupa kwanza, mwanangu, hata kabla hujamaliza kusoma. Mdomo wa chupa ni mwembamba, na hewa huingia majini kupitia uso wa maji. Beseni pana lenye maji kidogo ni bora kuliko chupa ndefu iliyojaa.

La pili ni maji ya mfereji. Yawe ya Mzima au ya Baricho, yametiwa klorini, na klorini inaunguza matamvua ya samaki. Yaache kwenye ndoo wazi usiku mzima, au bora zaidi utumie ya mvua. Ukinunua mtungi kwa mwenye mkokoteni, uliza umetoka wapi. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi. Kwa samaki hawa chumvi kidogo haina neno, na wafugaji wengine huitia makusudi kuzuia ugonjwa wa vumbi la dhahabu unaowashika ngozini. Lakini kuna visima vya kwetu ambavyo ukipikia chai yake hutii chumvi wala sukari haifui dafu, na hivyo usimpe.

Chakula usimtupie mkate. Anataka kilicho hai: viluwiluwi vya mbu ndio vya bure. Na ukimtafutia wenzake, usiweke madume wawili na jike mmoja kwenye beseni dogo. Watapigana mpaka mmoja achakae mapezi. Dume mmoja na majike wawili au watatu ndio mpango.

Kuwafuga yawezekana, ila ukubali kwamba huyu si samaki wa kukaa nawe miaka. Unachofuga hasa ni mayai. Weka chini ya beseni tabaka la nyuzi laini za makumbi ya nazi, zilizochemshwa na kusuuzwa mpaka maji yake yawe meupe. Hapa Mombasa makumbi hayana bei. Watatagia humo. Kila baada ya wiki moja au mbili zitoe, zikamue polepole kwa mkono mpaka zibaki na unyevu tu, zitie kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko, ufunge, uandike tarehe, uuweke kabatini. Usiutie maji. Baada ya miezi kadhaa fungua, ukiona macho ndani ya mayai, mwagia maji ya mvua yaliyopoa. Wasipotoka wote, kausha tena urudishe kabatini, kwa zile sababu nilizomweleza Mama Zuhura hapo juu. Ulaya watu wanatumiana mayai haya kwa posta, ndani ya bahasha, na yanafika salama. Wewe usianze kuyapeleka nje bila kibali cha serikali. Viumbe vya porini vina sheria zake na forodha hawacheki.

Na hao vijana wa kando ya barabara waambie wasichote dimbwi zima. Msimu ukiwa mwanzoni, majike bado hawajataga vya kutosha.

SWALI: Si ni kamongo tu?

*Mwalimu, sisi wa Kisumu habari ya samaki kukaa kwenye udongo mkavu si mpya. Tuna kamongo. Hao wenu wana tofauti gani?*
*Jirani yenu, Mikindani*

Tofauti ni nani anayebaki. Kamongo ana mapafu. Wale wa jamii yake wanaoishi penye maji ya msimu hujichimbia topeni wakiwa wazima, wakajifunika kwa ute unaokauka ukawa gunia, na mvua ikirudi anatoka yule yule wa mwaka jana. Hawa wadogo hawabakii hata mmoja. Wazazi na watoto hawaonani kabisa. Na usidhani kamongo ni wa Nyanza peke yenu, yuko na wa kwetu huku chini kwenye mbuga za Tana. Hongera kwa Kiswahili chako, kinakuja vizuri.

SWALI: Nichimbe nitie tilapia?

*Mwalimu, heshima yako. Nimestaafu bandarini, nina shamba Msambweni. Katikati yake pana dimbwi la masika lenye udongo mweusi, na lina hivyo visamaki vya mkia mwekundu. Naona ni bwawa la bure. Nataka kuleta trekta la kuchimbia liende chini mita mbili, lishike maji mwaka mzima, nitie tilapia na kambare. Wanangu wananiambia nikuulize kwanza.*
*Mzee wa Likoni*

Mzee mwenzangu, wanao wamekulea vizuri. Usilichimbe.

Visamaki vya mkia mwekundu vya upande wako, kwa jinsi ulivyovieleza, ni palmqvisti. Wewe unadhani ukivipa maji ya mwaka mzima umevifanyia hisani. Kumbe kukauka kwa dimbwi ndiko kunakoviweka hai. Hesabu mwenyewe. Maji yasipokauka, hewa haiingii udongoni, na mayai mengi yatabaki kwenye kile kituo cha kwanza bila kuendelea. Pia dimbwi linalokauka halina kambare mkubwa, kwa sababu kambare hawezi kuishi humo mwaka hadi mwaka. Hao wadogo wamepona siku zote hizi kwa kuishi mahali ambapo wala-samaki hawavumilii. Wewe ukileta maji ya kudumu, halafu kwa mkono wako ukaleta na kambare, umewafungulia mlango. Tilapia naye asikudanganye kwa upole wake, hula mayai na vitoto anavyovikuta, na anafukua chini akitengeneza viota vyake pale pale mayai yalipozikwa. Trekta lenyewe litakuwa limeshabeba akiba yote kwenye koleo lake siku ya kwanza, maana mayai yako juu juu, kwenye sentimita chache za tope.

Hayo ni upande wao. Upande wa mfuko wako pia si bwawa zuri. Tangu serikali ianze ule mpango wa mabwawa mwaka 2009, nimeona mengi yamechimbwa mahali ambapo maji ya mvua yanatuama yenyewe, kwa kuwa panaonekana pamerahisishwa. Mfugaji anataka mahali anapoweza kuingiza maji akitaka na kuyatoa akitaka. Dimbwi lako liko chini kuliko shamba lote, kwa hiyo huwezi kulikausha uvune, na masika yakizidi maji yatapita juu ya kingo. Tilapia uliyemlisha miezi sita ataondoka na mafuriko akawe kitoweo cha jirani.

Tafuta sehemu iliyoinuka kidogo, yenye mteremko mdogo, karibu na kisima chako. Chimba hapo, mita moja na robo upande wa kina yatosha, na pigilia kingo kwa udongo wa mfinyanzi uliochukuliwa kwingineko shambani, si kwenye dimbwi. Weka bomba la kutolea maji upande wa chini na ulifunge kwa wavu wa matundu madogo. Halafu angalia mahali linapomwagia: lisielekee kwenye lile dimbwi. Lielekeze upande wa minazi au migomba. Kitoto kimoja cha tilapia hakitadhuru, lakini hawaendi mmoja mmoja, na mwezi wa tano njia zote za maji shambani kwako zinateremka kwenye shimo hilo hilo.

Kama trekta umeshalilipia arbuni, lisawazishe njia ya kuingilia shambani. Ile ya Msambweni mwezi wa tano nayo haipitiki.